Mimi Nimekosa Nini, Baba?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanafunzi wa sekondari mkoani Tanga, katika siku ya afya ya shule. Msemaji ni fundi wa maabara. Tumeyaacha kama alivyoyasema, tukipunguza kidogo tu pale aliporudia.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya ugonjwa wa selimundu, huu ambao mitaani tunauita sikoseli. Nilipewa na karatasi yenye vichwa vya habari: maana ya ugonjwa, dalili zake, matibabu. Nitavigusa. Lakini karatasi nimeiacha mfukoni, kwa sababu ugonjwa huu mimi sikuujulia kwenye karatasi. Niliujulia nyumbani, kwa mdogo wangu wa kike, na nilimkosea. Nyumba nzima tulimkosea. Jina lake sitalitaja hapa. Nitasema mdogo wangu tu, inatosha.

Kwetu ni njia ya Pangani, kwenye mashamba ya mkonge. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika korona. Msicheke! Korona ni ile mashine ya kuchakata mkonge itoke singa, na jina hilo lilikuwepo kabla bibi zenu hawajaolewa. Ule ugonjwa umekuja juzi tu ukalichukua jina. Basi, wakati mimi nakua mkonge ulikuwa umeshaanguka. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, lakini miaka ya 90 hatukufika hata robo ya hiyo. Mshahara wa baba ukawa wa kuja na kutokuja. Ada ikipatikana, anasoma wa kiume. Na wa kiume nilikuwa mimi.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1979. Alipokuwa hajatimiza mwaka, vidole vya mikono na miguu vilimvimba vikawa kama vitumbua. Bibi akasema ni jicho la watu. Akanyweshwa kombe, akachanjwa chale, akavishwa hirizi. Simlaumu bibi, alifanya alilolijua. Baadaye macho yakawa na rangi ya manjano, mwili haukui, na mara kwa mara maumivu ya mifupa yanamshika mpaka anajikunja kama kamba. Mwanzo tukaambiwa ni baridi yabisi. Baridi yabisi ya mtoto wa miaka minne! Halafu ikawa pepo. Pepo akapungwa, kuku akachinjwa, maumivu yakarudi palepale. Alipofika miaka kumi baba akachoka, akatoa hukumu yake: mtoto huyu anajidekeza. Leo analia, kesho utamkuta anaruka kamba na wenzake.

Na kweli alikuwa akiruka kamba. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, jamani. Ukishika umeshika, ukiachia mtu anaonekana mzima kabisa. Ndiyo maana wagonjwa wake wanaitwa waongo kuliko wagonjwa wengine wowote. Darasa la tano akatolewa shule, kwa kuwa alikuwa anakosa siku nyingi, na kwa kuwa hela hazikuwepo.

Sasa sikilizeni hili la maji, maana ndilo hasa lililonileta.

Mwenye selimundu figo zake haziwezi kubana maji vizuri. Kwa hiyo anakojoa sana, anasikia kiu sana, na wengi hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Si uvivu wala utoto, ni figo. Sisi hatukujua. Mama alifua mashuka na kuanika godoro mpaka akachoka, akaweka sheria: kuanzia magharibi, huyu asipewe maji. Mtungi ukahamishiwa chumba cha nje nilikokuwa nalala mimi. Mimi nikawa mlinzi wa mtungi.

Usiku wa manane anakuja, anagusa mlango. "Kaka, tone tu."

Mimi namjibu, "Nenda kalale, kikojozi."

Wale wa masomo ya sayansi mnajua nitakachosema. Chembe nyekundu za damu ni duara, laini, zinapenya kwenye mishipa midogo bila taabu. Za mwenye selimundu zikikosa hewa ya oksijeni, au mwili ukikauka maji, zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinaziba njia. Mbele ya pale palipozibwa nyama na mfupa vinakosa damu, na hayo ndiyo maumivu. Vinavyoyaamsha ni baridi, homa, kazi nzito, na kiu. Nasema tena, kiu. Yaani tulikuwa tunamkausha kwa mikono yetu wenyewe usiku, halafu alfajiri tunauliza kwa nini analia.

Hapo mwaweza kusema, hamkujua. Naam, mama hakujua. Baba hakujua. Mimi nilijua.

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha nne, bweni. Tukafika kwenye somo la urithi. Mwalimu akachora ule mraba wenu wa vyumba vinne, akaandika A na S, na mfano aliotoa ulikuwa ugonjwa huu. Vidole vya mtoto kuvimba, macho ya manjano, maumivu ya mifupa, upungufu wa damu. Kila alichoandika ubaoni nilikuwa namwona mdogo wangu. Nilinakili yote kwa mwandiko mzuri. Mtihani wa taifa swali hilo lingekuja ningelipata lote.

Likizo nikaenda nyumbani. Nikakaa mwezi mzima, sikusema. Nikamaliza shule, nikarudi moja kwa moja, nikakaa karibu miaka miwili, sikusema.

Kwa nini? Tazameni ule mraba mtaona. Mtoto anachukua herufi moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye A na S ni mzima, anacheza mpira, anaoa, anazeeka, wala hajui kama anayo. Wakikutana wawili wa AS, basi katika kila mimba kuna bahati nne: moja ni AA, mbili ni AS, moja ni SS, na huyo wa SS ndiye mgonjwa. Kila mimba bahati inarudiwa upya. Si kwamba ukishapata mmoja mgonjwa basi wamekwisha. Sasa nyumbani kwetu baba alikuwa ameshaamua kwamba balaa lile limetoka ukoo wa mama. Alilisema mbele ya wageni. Mimi, kijana ninayekula ugali wake, nimwambie kwamba nusu ni yake? Nilimwogopa. Ndiyo hivyo tu, hakuna sababu nyingine ya heshima zaidi.

Najua humu ndani wapo wenye mdogo wao wa namna hiyo, na baba wa namna hiyo. Mimi nilidhani njia ni mbili tu, ama umkabili mzee ana kwa ana, ama unyamaze. Nilisahau kwamba sisi watu wa pwani jambo zito halisemwi na mwenyewe. Hata posa tunampeleka mshenga. Ningeweza kumtuma mjomba. Ningeweza kumwendea sheikh wetu, ambaye baba alimsikiliza sana, au mganga wa zahanati akaja kama mpita njia anayeomba maji. Wapo watu watano ningeweza kuwahesabu, na hakuna hata mmoja niliyemwendea. Na mtungi je? Mtungi haukuhitaji mshenga. Ningempa maji tu usiku, kimyakimya, nikafua shuka mwenyewe asubuhi.

Agosti 1996 kusi lilikuwa limeshika, na mvua ndogo za baridi. Mdogo wangu alikuwa na miaka 17, umbo la mtoto wa 12. Akashikwa na kifua, homa, anahema juu juu. Dalili hizo zishikeni kichwani: mwenye selimundu akipata homa kali, au kifua kubana, au tumbo kuvimba upande wa kushoto juu, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea ghafla, au maneno kumpotea, hakuna kusubiri kuche. Kwa wavulana pia, uume kusimama kwa maumivu na kukataa kulala kwa saa nyingi, hiyo ni hospitali. Mnacheka, lakini aliyepatwa hacheki, na aibu ndiyo inayomchelewesha.

Tukampeleka kwa gari la mkonge. Damu ikapimwa, daktari akatuita ukumbini. Akasema, "Mzee, binti yako ana selimundu. Amezaliwa nayo."

Baba akasema, "Hilo litakuwa la kwa mama yake. Kwetu hakuna."

Mama alikuwa amesimama pembeni, pindo la kanga mdomoni. Hakujibu. Alishazoea.

Sijui mdomo niliupata wapi. Nikasema, "Baba, haiwezekani ikatoka kwa mama peke yake. Lazima itoke kwenu wote wawili."

"Nani kakwambia?"

"Tulifundishwa shule."

"Lini?"

"Kidato cha nne. Mwaka juzi."

Laiti angenifokea. Aliniangalia tu, halafu akaangalia mlango wa wodi, halafu akaniangalia tena.

Daktari yule namshukuru, maana alimwona mzee anavyozama, akamwelezea kwa upole. Nami nitawaelezeni nyinyi kwa lugha ya leo. Hii si laana wala si aibu ya ukoo. Mwaka 1954 mtaalamu mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alionyesha kwamba wenye AS hawauawi na malaria kwa urahisi kama wengine. Ndiyo maana herufi hiyo imejaa pwani na kandokando ya Ziwa, kwenye mbu, na ni haba milimani kwenye baridi. Yaani wazee wetu walibeba ngao, na sisi tunaigharimia. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto karibu 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu. Na huyo wa SS mwenyewe ngao hiyo haimsaidii. Malaria kwake ni hatari kubwa, chandarua ni lazima.

Basi habari zikaenea kwamba hali ni mbaya, na hapo nikaona kitu ambacho sitakisahau. Watu wakaanza kuja kuomba msamaha.

Alikuja shangazi na machungwa, akajitupa kando ya kitanda: "Nisamehe mwanangu, nilisema wewe mchawi wa kujiloga." Akaja jirani aliyewahi kumchapa kwa kumwaga ndoo ya maji. Akaja mke wa baba mdogo. Wote wanalia kwa sauti, na mgonjwa kwa kila mmoja inabidi aseme, "Yameisha, nimekusamehe," na kila neno linamkata pumzi. Ukitazama sana utaona wengi hawakuja kwa ajili yake. Walikuja kwa ajili yao, wakiogopa asije akafa na neno lao kifuani. Muuguzi alipotoka akatangaza kwamba inahitajika damu ya kuongezewa, benchi likawa jeupe! Walibaki wajomba wawili na mvuvi mmoja ambaye hata hakuwa ndugu. Hao watatu hawakuomba msamaha wowote, walikunja mikono ya mashati wakaingia maabara.

Msidhani nawasema wengine. Mimi nilifanya vibaya kuliko shangazi. Usiku wa pili nililala chini ya kitanda chake, na yakanijia yote, nikapiga magoti nikamwambia: nilijua, nilijua tangu shule, na maji nilikunyima mimi. Nikalia mpaka kwikwi. Na yeye akainua ule mkono wenye dripu, akanishika kichwa. "Basi kaka. Basi. Nyamaza."

Muuguzi wa zamu akasimama mlangoni na taa. Akasema, "Makubwa haya. Mwenye dripu ndiye anayembembeleza mzima?"

Nilitoka pale nimepata nafuu mimi. Mdogo wangu usiku ule hakulala.

Mama hakuomba msamaha kwa maneno hata siku moja. Alikuja na chupa ya maji yaliyochemshwa, akamwinua kichwa, akamnywesha kwa kikombe kidogo kidogo, tangu asubuhi mpaka wakati wa kufukuzwa wageni. Anasema neno moja tu: "Kunywa." Kikombe kikiisha anajaza. Usiku anamwachia kikombe kimejaa kando ya mto, mahali pa kufikia mkono. Mdogo wangu alikitazama kikombe kile, akamtazama mama, na wote wawili hawakusema kitu.

Sasa baba. Hapa nisimamishe hadithi kidogo.

Wale mnaosoma fasihi mnamjua Mwana Kupona wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa wa ugonjwa ambao haukumwacha, alimtungia binti yake utenzi wa wosia. Humo anamfundisha kwamba mwanamke anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mama zetu wamelelewa kwa mafunzo hayo, na mimi siyadharau. Lakini hesabuni. Radhi zote tano zinapanda. Hakuna hata moja inayoshuka. Binti anaomba radhi kwa walio juu yake, na walio juu yake wakimkosea, je? Desturi haikuweka maneno. Mzazi wa pwani anajua kutoa radhi. Kuiomba kwa mtoto wa kike, tena aliyelala kitandani, hajawahi kuona mtu akifanya. Baba yangu hakuwa katili. Hakuwa na maneno hayo mdomoni.

Akaja siku ya tano, baada ya alasiri, amevaa kanzu kama anakwenda Ijumaa. Akasimama miguuni pa kitanda. Akakohoa. Akasema:

"Mwanangu, tusameheane."

Mdogo wangu akamtazama. Akauliza:

"Mimi nimekosa nini, baba?"

Hakuuliza kwa ujeuri, wallahi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, maana maisha yake yote aliambiwa anakosa, na hakuwahi kuonyeshwa kosa ni lipi.

"Tusameheane" ni neno zuri sana siku ya Idi, watu wakipeana mikono nje ya msikiti. Mimi nimekukosea, wewe umenikosea, mwaka umepita, basi. Lakini lilivyosemwa pale lilikuwa linamgawia mgonjwa nusu ya deni ambalo hakulikopa. Baba naye akalisikia. Nilimwona anavyolisikia. Akavuta kigoda, akakaa, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani ataondoka.

Akasema, "Hukukosa. Nimekosa mimi." Halafu akayataja. "Nilikuita mvivu. Nilikutoa shule. Nilimsingizia mama yako ukoo wake." Akataja hayo matatu, akanyamaza.

Mdogo wangu akasema, "Nimesikia, baba."

Hakusema "nimekusamehe", hapana. Shangazi alimpa neno hilo kwa sababu alikuwa anapiga kelele anyamaze. Baba hakumpa. Alisema nimesikia. Baada ya kitambo akaongeza: "Hilo la mama, kamwambie yeye. Na bibi asikie."

Akapona kifua, tukarudi naye. Ijumaa ya kwanza baba akaita watu: bibi, wajomba, shangazi. Akasema mbele yao kwamba ugonjwa umetoka pande zote mbili, kwake na kwa mkewe, na kwamba miaka 17 alikuwa akimwonea mkewe. Mama akainuka akaenda jikoni. Hakurudi mpaka chai ilipokwisha kunywewa.

Na jioni ile ile baba akatoka na baiskeli, akarudi na mtungi mpya, mdogo, na kata. Akauweka kando ya kitanda cha mdogo wangu. Kila siku baada ya magharibi akawa anautia maji mwenyewe, kutoka kisimani. Mwanamume mzima na ndoo, saa za giza! Majirani walicheka. Alivumilia akazoea, na wao wakachoka. Godoro likilowa, mimi ndiye niliyelitoa nje asubuhi. Hizo ndizo kazi tulizogawana.

Alitaka nimfundishe ule mraba. Nikamfundisha kwa kunde na maharage, kunde ndiyo A, haragwe ndilo S. Akazipanga mara nyingi sana kwenye mkeka. Siku moja akasema, "Kwa hiyo mimi nilikuwa robo." Akacheka. Akanitazama akaniuliza, "Na wewe uko chumba gani?" Sikujua. Nilipimwa baadaye sana, nikiwa chuo cha maabara: AS. Kwa hiyo hata chumba tulikuwa jirani, nilimpita kwa herufi moja.

Alifariki Machi 1997, masika yakianza. Miezi saba tangu siku ile ya baba na kigoda. Wengine huniuliza kama baba alisamehewa. Sijui. Neno hilo hakulitamka mbele yangu. Alikuwa anayanywa maji aliyoletewa.

Angezaliwa leo? Siwadanganyi kwamba ugonjwa umekuwa mwepesi. Lakini mtoto anaweza kupimwa tangu mchanga. Anapewa penisilini akiwa mdogo kuzuia vimelea vya damu na mapafu, anapewa foliki asidi, anapata na chanjo ya nimonia ambayo watoto wetu wote huipata kliniki tangu 2013. Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa maelfu, zaidi ya 5,000, na sasa mengi tunayajua kwa watu wetu wenyewe, hatuazimi vitabu vya mbali. Ipo na dawa iitwayo haidroksiurea. Walijaribiwa watoto 606 katika Angola, Kongo, Uganda na hapo Kilifi, jirani zetu tu ukishapita Mombasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo pia. Dawa hiyo huanzishwa na daktari, na damu hupimwa mara kwa mara, si ya kununuliwa dukani kiholela. Na la bure kuliko yote ni maji ya kunywa, mchana na usiku.

Kuhusu kuoana: watu wataniuliza, nikikuta mchumba wangu ni AS na mimi AS, nimwache? Mimi si mshenga wa kuvunja posa za watu. Nasema pimeni mapema, kabla moyo haujafunga mizigo, mjue mnakwenda wapi. Mke wangu ni AA. Hatukupangiana, ilitokea.

Nirudi kwenye mazishi, nimalize. Mnajua desturi yetu. Baada ya sala, mzee mmoja wa familia anasimama kutangaza: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze kwa fulani, na kama yupo aliyekosewa na marehemu, tunamwombea msamaha. Mjomba akasimama akayasema hayo juu ya mtoto wa miaka 17 ambaye hakuwahi kumiliki hata shilingi. Watu wakaitikia, hatumdai, Mungu amrehemu. Nilikuwa nyuma ya baba. Niliona mabega yake yanavyotikisika. Hakuna kipengele katika lile tangazo kinachouliza marehemu anamdai nani.

Ule mtungi mama aliendelea kuujaza mpaka arobaini. Hatukumuuliza. Baba alifariki 2011, na mtungi uko kwangu sasa, umemeguka mdomo kidogo lakini unashika maji vizuri.

Naona Mwalimu ananionyesha saa. Nimekuja na vifaa vya kupimia, na wenzangu wawili kutoka maabara. Anayetaka kujua herufi zake apite kule darasa la mwisho, walimu watawaeleza utaratibu wa ruhusa. Mwenye swali asilotaka kuliuliza mbele za watu, nitakuwa chini ya ule mwembe mpaka saa saba. Mkija wawili wawili haidhuru.